Mama Mwalimu na Viatu vya Mtoto wa Tisa

Mpaka nilipotimiza miaka thelathini na mmoja niliamini kwa moyo wote, bila chembe ya mzaha, kwamba akili za familia hugawiwa watoto kama bukari ya chungu kimoja. Bukari ni ugali wetu wa huku Kamina, Kongo, na ukipikwa nyumbani kwetu jirani wa tatu anakabwa na mate. Basi, mtoto wa kwanza anapakuliwa pale juu penye mvuke. Wa pili anapata tonge la haja. Wa tatu na wa nne wanashiba. Halafu mwiko unaanza kugonga chini, na wanaofuata wanapanguziwa pembeni, mpaka anafika wa tisa, ambaye anaachiwa ukoko, ule wa kulowekwa maji ndipo ubanduke. Mimi ni wa tisa.

Ushahidi ulikuwepo, tena wa kufungia mtu jela. Dada yetu mkubwa ni muuguzi. Anayemfuata ni karani wa kanisa. Wa tatu anafundisha hesabu, na wa nne anajua Kifaransa kiasi kwamba hata akikohoa unasikia Kifaransa. Kuanzia wa tano kushuka chini hakuna aliyemaliza shule ya msingi akiwa mtoto. Ungetaka nini zaidi? Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi na muhogo, na kila nilipochanganya magunia ya wateja nilimwambia bosi asinilaumu, mimi ni ukoko. Bosi alikubali na kunihurumia. Yeye kwao alikuwa wa pili.

Mtu aliyenikuta na imani hiyo na kuanza kuibandua ni mwalimu wetu wa biolojia wa shule ya jioni. Tulimwita Mama Mwalimu, na sitamwita vingine hapa. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi siwezi kusema. Kwangu alianza kuwepo jioni ile alipoingia darasani na sweta la sufu katikati ya joto la mwezi wa kumi, joto la kukaangia yai juu ya bati, akatutazama sisi watu wazima tuliobanwa kwenye madawati ya watoto, akasema tufunge midomo na tufungue madaftari.

Nilikuwa nimeandikishwa pale na mke wangu, ambaye hakuniuliza. Miaka sita nilipanda darasa kwa darasa kwa kukwaruza. Mbele yangu palikuwa na Mtihani wa Serikali, na nyuma ya mtihani palikuwa na diploma ya kumaliza sekondari, na mimi nilikuwa na hakika kama jua kwamba mlango ule haukujengwa kwa watu wa ukoko. Nilikwenda tu ili mke wangu alale vizuri.

Mama Mwalimu alivaa saa ya kiume ya marehemu mumewe, akaitanguliza dakika kumi, hivyo sisi sote tulichelewa kila siku, hata aliyekuwa amekaa darasani tangu saa tisa. Chaki aliifunga kwenye leso na kuitumia mpaka ikabaki punje ya mtama. Naapa niliwahi kumwona akiandika kwa kucha na maandishi yakatokea. Mtu akisema ameelewa, alikasirika. "Usiniambie umeelewa. Eleza." Halafu alikusimamisha umweleze mwenzako, na kama mwenzako hakuelewa, sifuri ilikuwa yako. Mwenzangu mimi alikuwa Ajida, mwanajeshi wa kambi ya hapa, tuliyemwita kwa cheo chake, mtu wa Ekwateri, jimbo la mbali kaskazini, aliyefika Kamina na familia yake kwa treni na hakuwahi kukisamehe Kiswahili chetu, hiki kinachosema 'njo' mahali pa 'ndiyo'. Nilimweleza Ajida namna mizizi inavyonyonya maji wiki mbili nzima. Siku aliyoelewa tulikumbatiana, na koti lake la jeshi likawa jeupe kwa unga wangu.

Mama Mwalimu alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Mwaka mzima alituhubiria kwamba uhai hauna kazi kubwa kuliko kuchanganya na kuchanganya tena, na yeye mwenyewe alikula chakula kilekile kila siku ya Mungu: sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu wa Mulongo. Mbuzi wake watatu aliwapa jina moja ili asipoteze muda wa kuita. Mbele yetu alikataza pombe kwa ukali wa Kimethodisti uliotutisha hata sisi tusiokunywa, lakini mfukoni mwa sweta daima alikuwa na kifuniko cha chupa ya bia, alichokitumia kupiga kura darasani. Sarafu hatuna nchi hii, ni noti tu, kwa hiyo kifuniko kilikuwa na kazi ya halali. Kilitoka chupa ya nani? Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Na lile la binti yake. Kijana wa kambini, mtoto wa mwanajeshi wa kule kwa akina Ajida, alipeleka posa, na Mama Mwalimu akakataa miezi minne. Habari ikatufikia. Ajida akajitolea kuwatetea watu wa kwao, akanyanyua mkono katikati ya somo.

"Mama, jeni zetu za Ekwateri ziko na kosa gani?"

"Jeni haziko na kosa, Ajida. Nauli njo iko na kosa. Akimubeba kule, nitamuona lini?"

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Yeye hakucheka. Lakini mwishowe alikubali, na siku ya arusi alicheza hadi saa ya marehemu ikasimama. Mwaka uliofuata alikuja na mjukuu darasani, amefungwa mgongoni kwa kikwembe. Akamshusha, akamwinua mbele yetu kama mtu anayeonyesha ramani. "Mumuangalie muzuri," alisema. "Tangu dunia ianze, huyu hakuwahi kuwako. Na hatakuwako tena mwingine kama yeye." Mtoto akapiga chafya. Mama muuza nyanya, aliyekaa dawati la mbele na ambaye alikuwa amezaa saba, alifuta machozi kwa kona ya kitambaa.

Lakini nimeruka mbele. Lazima niseme habari ya viatu.

Lilikuwa somo la meiosi, yaani namna mwili unavyogawanya seli ili kutengeneza mbegu za mwanaume na mayai ya mwanamke. Ubaoni Mama Mwalimu aliandika mara moja tu: kila seli yetu ina kromosomu arobaini na sita, jozi ishirini na tatu, na katika kila jozi moja ilitoka kwa baba na nyingine kwa mama. Akageuka, akaona nyuso zetu, nyuso za watu waliotoka kazini. Akaweka chaki chini. Akasema tuvue viatu.

Ajida alikataa. Alisema buti la askari halivuliwi mbele ya raia. Mama Mwalimu akamjibu kwamba humu hakuko askari wala raia, kuko seli tu, na yeye Ajida ni seli inayochelewesha wenzake. Akavua. Soksi zake zilikuwa na matundu mengi kuliko uzi, na mama muuza nyanya akampa pole kwa niaba ya mke wake.

Mama Mwalimu akapanga meza mbili. Moja ni baba, nyingine ni mama. Juu ya kila meza jozi tano: buti, kandambili, raba, ndara za ngozi na viatu vya kanisani. Ile ya mama ilikosa buti, basi akamtuma mlinzi avue yake. Kushoto, alisema, ni kile ulichopewa na mama yako. Kulia, ulichopewa na baba yako. Kisha akazungushia kila kiatu mstari wa chaki, ikatokea picha yake mezani, na hiyo ikawa nakala, kwa sababu seli kabla ya kugawanyika hunakili kila kitu. Halafu akavikutanisha viatu vya jozi moja ubavu kwa ubavu, akavivua kamba, akaichomeka kamba ya buti la kushoto kwenye buti la kulia, na ya kulia kushoto. Vya kamba alivifanya hivyo vyote. Kwenye kandambili alitwambia tutumie kichwa.

"Hapa wanabadilishana vipande," alisema. "Ile buti uliyopewa na baba yako haitoki tena vile ilivyoingia."

Ndipo kifuniko cha bia kikatoka mfukoni. Kila jozi alikirusha. Kikianguka uso juu, cha kushoto kinakwenda upande huu na cha kulia upande ule; kikianguka uso chini, kinyume chake. Jozi haiulizi jozi nyingine imekwenda wapi. Huo ni mgawanyo wa kwanza. Katika wa pili, kiatu na nakala yake vinaachana. Yakatokea mafungu manne, na katika kila fungu viatu vitano, si kumi tena. Kwa wanaume mafungu yote manne huwa mbegu. Kwa wanawake moja hubeba karibu chakula chote likawa yai, na matatu yanakuwa vijifungu vidogo visivyofika popote.

Karani mmoja wa posta aliuliza kwa nini kupunguza. Mama Mwalimu alimwambia bila kupunguza, mtoto atazaliwa na viatu ishirini, mjukuu arobaini, na kitukuu atahitaji behewa.

Tulipiga hesabu kwa vidole vya miguu vilivyokuwa wazi. Jozi tano, mafungu thelathini na mawili tofauti, hapo kamba hujazihesabu. Jozi ishirini na tatu? Alituacha tuzidishe mbili kwa mbili mpaka mkono wa Ajida ukachoka. Zaidi ya milioni nane, kwa mzazi mmoja tu. Mimi nikasema kwa sauti kwamba hiyo ni watu wote wa Kongo mara mia. Mama Mwalimu akasema hapana, hata Kinshasa haijai humo, na nikae chini.

Sikukaa. Nikauliza swali ambalo sijawahi kumuuliza mtu: je, mtoto wa mwisho, yule wa tisa, anakuta nini mezani?

Watu walicheka, kwa kuwa hakuna mtu Kamina ambaye hajasikia habari ya ukoko. Wengine huwaambia watoto wao kwa kuwachekesha. Mama muuza nyanya akasema wa saba wake ni mjinga kweli, ila ni mjinga wa kupendeza. Mama Mwalimu peke yake hakucheka. Alinitazama, mimi na unga wangu.

"Tutazaa tisa," alisema.

Na tukazaa. Tulirudisha viatu mezani, tukanakili, tukabadilisha kamba, tukarusha kifuniko, tukachukua fungu moja la baba na moja la mama, tukayaunganisha, buti na buti, kandambili na kandambili, akaandika mtoto wa kwanza ubaoni. Kisha tukarudisha vyote, tukaanza upya. Wa pili. Wa tatu. Saa ya kutoka ilipita na hakuna aliyeondoka, maana angeondokaje, viatu vyake vilikuwa mtoto wa watu. Baridi ya sakafu ya saruji ilitupanda mpaka magotini. Kila mara meza ilijaa kama mwanzo. Mama muuza nyanya alikumbusha kwamba mayai ya mwanamke yanahesabika na yanakwisha, na Mama Mwalimu akakubali: yanapungua hesabu, na mama akizeeka mgawanyo unaweza kukosea zaidi, hilo atalifundisha kesho. "Lakini yai linalotoka," alisema, "linatoka na fungu zima. Halitoki na nusu fungu kwa sababu wengine wametangulia."

Tulipofika mtoto wa tisa aliniita mbele nivihesabu mwenyewe. Nilihesabu kwa kuvigusa. Vilikuwa kumi. Nilihesabu tena nikianzia upande mwingine. Kumi. Buti moja la Ajida na moja la mlinzi, kandambili moja ya bluu na moja ya kijani, na hakuna kati ya wale wanane waliotangulia aliyekuwa na mchanganyiko kama ule.

Nilirudi nyumbani nimevaa raba moja isiyo yangu, na nilimwamsha mke wangu kumweleza. Aliniambia amejua siku zote kwamba sina akili ya ukoko, ila harufu yake.

Ungedhani hadithi imekwisha hapo. Mimi pia nilidhani. Mwaka ule nikafanya Mtihani wa Serikali, nikaanguka, nikaanguka vibaya, nikaanguka mpaka jirani wakasikia kishindo. Na mtu akizoea kuwa mjinga hakosi sababu. Ukimpokonya moja anaokota nyingine. Nilimfuata Mama Mwalimu nikamweleza kwamba sasa nimeelewa: chungu hakikuisha, kweli, ila kwangu kifuniko kilianguka vibaya. Fungu zima, lakini la viatu vibovu.

Hakubishana nami. Alifungua rejista, akalamba kidole, akashuka na ukurasa.

"Mvua ilipoanza, ulikosa masomo kumi na moja. Kifuniko hakikukosa, papa. Ni weye ulikosa."

Ilikuwa kweli. Msimu wa mvua magunia ya muhogo yanaloa, mashine inakwama, na mimi nilikuwa nabaki kuibembeleza. Mwaka uliofuata bosi akanipa ruhusa ya jioni zote, na nikafaulu. Asilimia zangu sitazitaja. Tuseme hazikuwa za kumfanya mtu aandike gazetini. Lakini tulichinja kuku wawili, na Ajida, aliyefaulu pia, alipiga saluti mbele ya diploma yangu iliyobandikwa ukutani.

Hayo yote ni ya miaka mingi sasa. Ajida alihamishwa. Shule ya jioni imehamia jengo jingine lenye madawati ya watu wazima, na mwalimu wa siku hizi anaonyesha kromosomu kwenye simu, zikicheza na muziki. Ni vizuri, zinaonekana wazi. Mimi nikipita pale natazama miguu ya wanafunzi, wote wamevaa viatu vyao vilevile walivyokuja navyo, nasikitika kidogo.

Mwaka huu nilichukua fomu ya Chuo cha Walimu. Biolojia. Nilitembea nayo mfukoni wiki tatu mpaka ikachukua rangi ya unga. Ilihitaji barua ya mwalimu wa zamani, na hiyo haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kwamba kila nilipotaka kuijaza mkono ulirudi nyuma. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kwake, nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Nilimkuta kibarazani, sweta lilelile, anabangua karanga za mbegu kwenye ungo. Macho yamepungua nguvu. Alinitambua kwa sauti, akanionyesha kigoda kwa kidevu.

Nilimwomba barua, akakubali kabla sijamaliza. Basi ningeondoka. Lakini mdomo wangu haujui kuondoka. Nikamwambia kwamba naogopa. Kwamba labda fungu langu lilinitosha kwa diploma ile na mwisho wake ni hapo, na huko chuoni watauona mwiko ukigonga chini. Nilisema kwa kucheka, kama ninavyosema kila kitu.

Aliendelea kubangua. Kisha akaniuliza kitu ambacho miaka yote ile, pamoja na viatu vyote vile, hakikuwahi kuulizwa.

"Ile maneno ya chungu, ni nani alikuambiaka?"

Nikamwambia ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba.

"Siku gani?"

Ilibidi nifikiri. Nikamwambia ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya baba. Wakubwa wanne walikuwa wamekwisha kumaliza shule. Jamaa walikaa uani kutugawana sisi wadogo, nani aende kwa nani, na mimi nilikuwa na miaka minane, darasa la pili. Mama alisema huyu angalau aendelee na shule. Baba mkubwa akaniwekea mkono kichwani, kwa upole, akasema wasijisumbue na huyu, akili ziliisha kwa wa nne, huyu ni ukoko.

Mama Mwalimu aliweka ungo chini. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mutoto wangu," alisema, "baba yako alikufa, na hakukuwa tena muntu wa kukusomesha. Njo ile tu."